Jiwe Upande wa Maharage

Jumanne, 1 Juni 1999

Mizani imepatikana, mawe yake hayapo. Verediane ameitoa kwa jamaa mmoja ambaye duka lake liliporwa mwaka wa tisini na nne, na tangu hapo alikuwa akilishia kuku katika sahani zake. Waporaji waliacha mizani wakabeba mawe, wakavuka nayo mpaka hadi Goma kwa miguu. Nimejaribu kumwaza mtu anayekimbia kuokoa roho yake huku amekumbatia jiwe la kilo ishirini, nikacheka peke yangu, kisha nikaona aibu.

Verediane ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, na nyumba ninayolala ni yake. Tangu nimfahamu amekuwa akibeba mizigo ya watu pale Petite Barrière, kizuizi kidogo cha mpakani, gunia mgongoni, kwenda Goma na kurudi, mpaka kiuno kikamkataa. Daktari amemwambia aache, la sivyo atakuja kutambaa. Sasa kamati ya soko imempa kibanda karibu na kizuizi, auze maharage ya msimu huu kwa kilo, maana wanunuzi wa Goma wamechoka kupimiwa kwa makopo yaliyobonyezwa matako ili yapunje. Kibanda kikienda vizuri, kiuno chake kimepona. Kikifa, anarudi chini ya gunia. Ameniambia hivyo akiwa anasugua mavi ya kuku kwenye sahani, bila kulalamika, kama anayesema mvua itanyesha au haitanyesha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilifundisha Karagwe, Tanzania, mpaka tuliporudi kutoka ukimbizini. Shule ya hapa inafundisha kwa Kifaransa. Mkurugenzi alinisikiliza kwa upole ule wanaosikilizwa nao wagonjwa, akasema ataniita. Hajaniita. Ndiyo maana daftari hili ninaliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo angalau haijanifungia mlango.

Alhamisi, 3 Juni

Tumekwenda kwa Sebagabo, fundi wa kuchomelea hapa Mbugangari. Alitaka kututengenezea mawe sita kutoka chuma cha lori bovu: la kilo moja, mawili ya kilo mbili, la tano, la kumi na la ishirini. Nikamwambia manne yanatosha: moja, tatu, tisa, na ishirini na saba.

"Makumi mbili na saba?" akauliza. "Ni nani ananunua kilo makumi mbili na saba?"

Nikachora chini kwa msumari. Ukitaka kilo mbili, weka jiwe la tatu sahani hii, na la moja liweke sahani ya maharage. Ukitaka tano, la tisa huku, la tatu na la moja kule pamoja na maharage. Sisi tunahesabu kwa makumi kwa sababu Mungu alitupa vidole kumi. Huku unahesabu kwa matatu. Kila jiwe ni mara tatu ya lililotangulia, na kila jiwe lina mahali patatu tu pa kukaa: sahani hii, sahani ile, au chini. Hakuna uzito kuanzia kilo moja hadi arobaini unaoshindikana, na kila uzito una mpangilio wake mmoja tu. Ukitafuta wa pili utazeeka.

Sebagabo aliangalia michoro yangu muda mrefu. "Mi nafanya vile unasema, Mama. Lakini mawe mbili zaidi haiko kazi kubwa."

Verediane aliniangalia mimi, si michoro. "Kama muramukazi wangu anasema ine, ni ine," akasema. Wifi yake amesema, basi.

Nilisema mavuno hayangoji, na mawe manne yatakwisha kabla ya sita. Hiyo ni kweli, lakini siyo sababu. Nilitaka kazi ambayo haiwezekani bila mimi.

Jumapili, 6 Juni

Mawe yamehakikiwa kwa mizani ya ghala la kahawa. Yako sawasawa.

Baada ya misa alikuja Narcisse, mwalimu wa hesabu wa ile shule iliyosema itaniita. Vipindi alivyo navyo ndivyo nilivyoviomba. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikuwa amesikia habari kwa Sebagabo na akaja na swali.

"Mwalimu, kama mutu anataka kilo kumi na ine?"

"Ishirini na saba huku. Mengine yote matatu kwa maharage."

Akafumba macho akahesabu kwa midomo. Akacheka kwa furaha ya mtoto. Nikamwonyesha jambo jingine: uzito ukiwa shufwa, mawe yaliyopanda mizani ni mawili au manne, ukiwa witiri, ni moja au matatu. Na uzito unaogawanyika kwa tatu haugusi kamwe jiwe la kilo moja. Alikaa mpaka chai ikapoa. Tangu nihamie mji huu ni mtu wa kwanza kuniuliza kitu ambacho ningependa kukijibu.

Verediane alitupitia akiwa na beseni la nguo. Nilimwona ana haraka na ana kelele, kama kawaida yake.

Alhamisi, 10 Juni

Anajifunza haraka, lazima niseme. Anamenya viazi huku anaimba: "Mbili, tatu huku, moja kwa maharagi. Tano, tisa huku, tatu na moja kwa maharagi. Saba, tisa na moja huku, tatu kwa maharagi." Akikosea namuuliza kama uzito ni shufwa au witiri, anahesabu mawe, anajirekebisha. Hajui kuandika jina lake. Sijui kwa nini hilo linaniudhi wakati anapopata jibu.

Jumatatu, 14 Juni

Kibanda kimefunguliwa. Vumbi, kelele, maharage mekundu na ya njano. Miguu imevimba.

Jumamosi, 19 Juni

Huu ni mwaka wa kwanza tangu nifike hapa ambao watu wa milimani wamelima na kuvuna bila kukimbia vita, na wanashuka na magunia yao kama waendao harusini. Tunanunua kwao, tunawauzia wanawake wa Goma. Mkulima tunampimia ishirini ishirini. Kwa ishirini, jiwe la ishirini na saba na la tatu yanakaa upande wetu; la tisa na la moja yanakaa pamoja na maharage.

Leo alikuja mzee mmoja wa upande wa Kanama, Harerimana, mtu mwenye sauti na mwenye ndugu wengi. Alimwangalia Verediane akiweka lile jiwe la tisa juu ya maharage yake, kisha la moja. Uso wake ukafunguka. Alisema kwa Kinyarwanda kwamba amezunguka vibanda vyote, na kila mahali wenye mizani wanaweka vyuma upande wao tu. Huyu mama peke yake ndiye anayewawekea wakulima chuma ili maharage yao yawe mazito. Kwa macho yake, kilo kumi zake zilisaidiwa na kilo kumi za chuma zikawa ishirini. Akamwombea Verediane baraka na watoto.

Nikafungua mdomo nimweleze. Verediane akanikanyaga mguu, akaitikia amina.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini amenizuia. "Anaamini tunampendelea."

"Anaamini. Mi sikumuambia."

"Lakini si kweli, dada. Chuma hakimwongezei kitu. Maharage yake ni kilo ishirini, basi."

"Na tumemulipa ishirini. Tumemuiba?"

"Hapana."

"Bon. Kesho analeta ndugu zake. We unataka nini, muramukazi? Nimufukuze?"

Nilimwona mjanja mdogo wa sokoni, nikajiona mimi ndiye msafi. Lakini sikumfuata Harerimana nimwambie.

Alhamisi, 24 Juni

Amewaleta ndugu zake.

Jumanne, 29 Juni

Foleni ya wakulima inaanza kwetu na kupita vibanda vingine. Wenye vibanda hivyo hawatusalimii. Verediane amenunua turubai jipya na leo amekaa kwenye kiti saa nzima, mgongo umenyooka, akinipa amri. Kiuno hakijamuuma wiki hii. Jioni aliniwekea kichwa cha samaki kwenye sahani yangu, kwa heshima ambayo nyumba hii huwapa wageni na wanaume. Sikujua nifanye nini nacho. Nilikila.

Jumamosi, 3 Julai

Narcisse amepita kununua kilo saba ili tu aone saba inavyopimwa.

Jumanne, 6 Julai

Wanawake wa Goma hununua tano tano, maana ndicho kiasi kinachofichika vizuri mbele ya watu wa forodha. Na tano, kati ya namba zote, ndiyo mbaya zaidi kwa macho. Jiwe moja kubwa upande huu, vyuma viwili vimekaa juu ya maharage ya mtu.

Nyiraneza ni mnunuzi mkubwa, anakaa Birere, ng'ambo tu ya kizuizi, ana dada na binamu kila upande wa mpaka. Amekuwa akinunua kwetu akiwa na haraka. Leo hakuwa na haraka.

"Toa chuma mu maharagi yangu," akasema.

Verediane akamweleza: likitoka hili, lile kubwa lazima lipungue.

"Basi pungusha ile mukubwa. Mi nanunua maharagi, haiko chuma."

"Haununui chuma, mama. Chuma inabakia hapa. Ona." Akaondoa mawe, akamimina maharage kwenye mfuko wake, hakuna chuma ndani. Akamwongezea konzi mbili za matabishi badala ya moja, ile nyongeza ambayo bila hiyo hakuna biashara iliyokwisha hapa kwetu. Nyiraneza alichukua. Alipoondoka alikuwa anaunyanyua mfuko na kuushusha mkononi, akiupima kwa kiwiko.

Ijumaa, 9 Julai

Upepo wa ziwa umekufa. Vumbi limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Nyiraneza hajaja.

Jumanne, 13 Julai

Nimejua kilichotokea. Harerimana alikuwa amekaa pale kizuizini akimngoja mpwa wake, akawasifia wanawake wa Goma kibanda chetu. Akawaambia, kwa Kiswahili chake cha kuokota, kwamba Verediane ni mtu wa Mungu, anawawekea wakulima chuma kilo kumi kila mara. Kwake ilikuwa sifa. Nyiraneza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kama mkulima anaongezewa chuma, chuma hicho analipa nani? Akajijibu. Alikuwa ameviona kwa macho yake vyuma viwili juu ya maharage yake.

Hesabu yake haina kasoro hata moja. Ni mwanzo tu ndio haukuwa kweli.

Alhamisi, 15 Julai

Wamekuja asubuhi, wanawake wengi wa Goma, Nyiraneza mbele. Hawakutukana mwanzoni. Walishika sahani ya mizani, wakaikalia kimya, kama watu wanaokalia mlango wa mdaiwa. Kisha mmoja akasema mwizi, na neno hilo likisha kutoka halirudi. Turubai liliraruka. Verediane alisimama mbele ya maharage na mikono imefunguka, akisema tu, "Bamama, bamama, tuongee." Mimi nilikuwa nyuma yake nikieleza hesabu ya matatu kwa sauti ya darasani. Sasa ninapoandika nasikia haya mpaka masikioni. Nani anamweleza mtu mwenye hasira kwamba ishirini ni ishirini na saba toa tisa ongeza tatu toa moja?

Mwenyekiti wa kamati akaja akatawanya watu. Akatupa mpaka Jumamosi: tulete jibu, au kibanda kinachukuliwa.

Wakulima walikuwa wamesimama kando na magunia yao. Walikuwa upande wetu, naamini. Harerimana alimsaidia Verediane kuokota maharage yaliyomwagika.

Nyumbani Verediane alikaa chini, akalegeza kitambaa anachofunga kiunoni.

"Tuombe pardon," akasema. "Tuseme mawe ilikuwa mubaya. Sebagabo anafanya ingine sita, kama za batu bote. Juma moja, mbili, bamesahau."

"Tuombe radhi kwa kosa gani? Mawe si mabaya."

"Mi najua. Nayabeba kila siku, najua vile inafanya. Lakini beko na kasirika, muramukazi, na kasirika inapita. Tukisema tulikosa, banapata kitu ya kupeleka nyumbani."

"Nikiomba radhi nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mwizi, tena mwizi asiyejua hesabu."

"Haiko we. Ni mimi niko na kibanda. Acha mi niombe."

Nikasema hapana. Nilisema hapana ndani ya nyumba yake, kuhusu kibanda chake. Nikamwambia nitathibitisha mbele ya watu wote, kwa mizani ya ghala la kahawa, na Narcisse awe mwamuzi, na Nyiraneza mwenyewe ataona. Aliniangalia, akauliza, "Na bale ba milimani? Nabo bataona?"

Sikuelewa anauliza nini. Nikamjibu kwamba wote wataona, ndiyo maana ya kuthibitisha.

Nimetoka nikaenda kwa Narcisse. Amekubali kabla sijamaliza kueleza.

Ijumaa, 16 Julai

Verediane amepika, amenipakulia, amekula akiwa ameelekea ukutani.

Jumamosi, 17 Julai

Nitaandika yote, kwa utaratibu, maana ni siku niliyoipigania.

Mizani mbili zilitundikwa pale sokoni, yetu na ya ghala la kahawa pamoja na mawe yake ya kawaida. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya soko. Wanawake wa Goma upande wa kizuizi, wakulima upande wa barabara, wenye vibanda vingine wakijifanya wana kazi. Narcisse alivaa koti. Mwenyekiti alifungua kwa maneno machache, akampa nafasi.

Tano. Verediane aliweka la tisa huku, la tatu na la moja juu ya sahani nyingine, akamimina maharage mpaka zikalingana. Narcisse akayapeleka kwenye mizani ya ghala: jiwe la tano upande mmoja, maharage upande mwingine. Ufito wa mizani ukasimama sawa. Ishirini: sawa. Ishirini na tano: sawa. Narcisse akamgeukia Nyiraneza, akamwambia achague namba anayotaka yeye, asije akasema tumepanga.

"Kumi na ine," akasema.

Nilimwona Narcisse akitabasamu. La ishirini na saba huku, mengine yote na maharage, vyuma vitatu vimejikusanya juu ya rundo dogo. Watu wakaguna. Kwa macho hakuna wizi ulio wazi kuliko huo. Narcisse akayapeleka kule, akaweka mawe ya kumi, mbili na mbili, na ufito ukatulia.

Nyiraneza alikwenda mwenyewe akausukuma kwa kidole, ukayumba, ukarudi pale pale. Kisha, na namheshimu kwa hilo, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Bon. Iko sawa. Mi ndio nilikosa. Mama Verediane, unisamehe."

Nilifurahi. Siwezi kulificha hilo katika daftari hili. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi tangu nimzike mume wangu. Nilisimama pale katikati ya vumbi nikijisikia mwalimu tena, na nilimtafuta Verediane kwa macho nione kama ameona. Yeye alikuwa anaangalia upande wa barabara.

Harerimana alikuwa amenyanyua mkono, kama mwanafunzi. Aliuliza kwa Kinyarwanda, kwa adabu, kwamba yeye ni mtu wa jembe na hajasoma, anaomba kueleweshwa jambo moja. Lile jiwe la tisa na lile la moja ambayo mama huyu alikuwa akituwekea upande wetu, yalikuwa yakituongezea kiasi gani?

Narcisse angeweza kusema swali zuri, tutalijibu baadaye. Mimi ningeweza kumshika koti. Lakini yeye alikuwa mahali nilipokuwa mimi, ndani ya utamu wa kuwa na jibu. Alimjibu kwa Kinyarwanda, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na wanawake wa Goma wafaidike.

"Hata gramu moja, muzee. Zéro. Ile unaona inaongezeka huku, kule ilishaongezwa. Donc, mulipata kilo zenu, hakuna zaidi."

Akapima ishirini tena kumwonyesha. Alionyesha vizuri sana. Sijawahi kuona somo limeeleweka vile.

Harerimana akamgeukia Verediane. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba alimletea maharage yake yote, na ya kaka zake, na ya wakwe zake. Alipita vibanda vya watu waliofahamiana naye tangu zamani, akawanyima, kwa sababu huyu mama alikuwa anawapendelea. Alimshukuru mbele ya watu. "Nilikushukuru," alisema, "na wewe uliitikia."

Verediane hakukana. Angekana nini? Aliitikia kweli, nilikuwapo, mguu wangu ukiwa chini ya mguu wake. Alisema tu, "Muzee, hatukukuibia."

Mzee akamjibu kwamba hajasema ameibiwa. Akabeba gunia lake alilokuwa amekuja nalo kutuuzia, akaenda nalo kibanda cha mwisho kabisa, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Mwenyekiti akatangaza kwamba mizani ni halali na hatuna kosa lolote. Hakukuwa na mtu wa kumsikiliza ila sisi na Narcisse, ambaye alikuwa ananipa mkono.

Jumanne, 20 Julai

Nyiraneza alikuja, akiwa rafiki kweli kweli, akitaka kilo nyingi. Hatukuwa na maharage ya kumuuzia. Akasikitika, akaenda yaliko.

Jumamosi, 24 Julai

Hakuna mkulima.

Jumatano, 28 Julai

Nilipanda Kanama kwa miguu kumtafuta Harerimana. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa pombe ya ndizi, akaniuliza habari za Tanzania. Nilimweleza kwamba Verediane hakumdanganya, na kwamba mimi ndiye niliyetaka mawe yale. Alisikiliza yote. Akasema haina neno, hana kinyongo. Akasema maharage yameisha. Magunia saba yalikuwa ukutani nyuma yake, na alijua ninayaona.

Nilipokuwa nashuka ndipo nilipoelewa lile swali la Verediane, kama na wale wa milimani nao wataona. Yeye alikwisha kulijua tangu siku ile ya Alhamisi, na alilisema kwa maneno mepesi kabisa, na mimi mwenye diploma nikamwambia ndiyo maana ya kuthibitisha. Namkasirikia Harerimana kwa kiburi chake, namkasirikia Narcisse kwa mdomo wake, namkasirikia Nyiraneza kwa kuomba radhi vizuri namna ile. Nikiwamaliza wote hasira inabaki na haina pa kwenda. Mawe mawili zaidi. Sebagabo alisema haiko kazi kubwa.

Jumatatu, 2 Agosti

Kamati imempa mtu mwingine kibanda, kwa sababu kilikuwa kinakaa kitupu. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kutuambia, akasema anasikitika sana, maana anajua tulikuwa waaminifu.

Alhamisi, 5 Agosti

Verediane ametoka kabla sijaamka. Kitambaa cha kiunoni hakikuwa kwenye kamba.

Jumapili, 8 Agosti

Nilimkanda kiuno kwa maji ya moto. Nilimwambia nami nitabeba. Akasema sina shingo ya mzigo, nitamtia hasara mwenye gunia. Nilimwambia anitukane basi, aseme lolote. Akageuza uso akauliza, "Nikutukane ju ya nini? Mizani ilikuwa sawa." Hakuna uchungu katika sauti yake. Nimeutafuta. Kama angeniambia ondoka nyumbani kwangu, ningelia, ningeondoka, na pengine ningepona.

Ijumaa, 20 Agosti

Wingu la kwanza. Halikunyesha.

Ijumaa, 27 Agosti

Imenyesha. Na mkurugenzi wa shule ameniita.

Narcisse alimsimulia ile siku ya sokoni, na mkurugenzi akasema mtu anayeweza kueleza kitu kama hicho kwa umati wa soko hawezi kushindwa na darasa. Nikamwambia aliyeeleza ni Narcisse. Akacheka, akadhani ni adabu. Kuna wanafunzi waliorudi kutoka Uganda na Tanzania wanaohitaji hesabu kwa Kiingereza. Kifaransa nitajifunza polepole. Nimekubali. Nilisema ndiyo haraka, kabla hajamaliza, kama Narcisse aliponikubalia mimi.

Nilimwambia Verediane akiwa anavua sandali zenye matope. Alisimama, kwa shida, akanishika mikono yote miwili. Alifurahi. Ningependa kuandika kwamba alijifanya, lakini alifurahi kweli. Alitoka mvua ikinyesha akaenda kuwaambia majirani kwamba muke ya ndugu yake ni mwalimu.

Jumatatu, 6 Septemba

Siku ya kwanza darasani. Watoto wana adabu, chaki ni mbovu. Nilifundisha kujumlisha sehemu.

Asubuhi nilishika njia inayopita karibu na Petite Barrière, katikati ya wanafunzi waliovaa sare, mkoba mkononi. Barabara ilikuwa nyembamba kwa sababu ya madimbwi. Wabebaji walikuwa wanakuja kwa mstari, wameinama, na mbele yao alikuwa Verediane chini ya gunia. Nilisimama. Nilitaka kutoka njiani, niingie matopeni, yeye apite pakavu. Lakini aliona viatu vyangu kabla hajauona uso wangu, na alikwisha kuingia kwenye dimbwi, mguu mmoja kisha mwingine, akajiegemeza ukutani na mzigo wake ili kunipa nafasi. Wenzake wakamwiga, wakaingia majini wote.

"Pita, Mwalimu," akasema.

Watoto walikuwa nyuma yangu wanangoja. Nikapita.